Jua Lilipopatwa Rujewa: Dakika Tatu, si Saa Tatu

Nyumba ya bibi yangu kule Rujewa, wilayani Mbarali, mkoa wa Mbeya, ilikuwa na bati lenye tundu. Msumari uling'oka zamani. Mvua ikinyesha tunaweka sufuria chini yake, jua likiwaka tunapata kidoa cha mwanga sakafuni, na watoto hukifukuza kwa vidole. Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016, ilipokaribia saa sita mchana, kidoa kile kiligeuka pete.

Aliyekiona kwanza ni mdogo wangu wa kike. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na bibi alishatoa amri tangu asubuhi: "Jua likipatwa, mwenye mimba hatoki nje." Sisi wengine tulikuwa uwanjani pamoja na umati uliomiminika Mbarali siku ile, tukipokezana miwani ya karatasi, mmoja akitazama kidogo na kumpa mwenzake. Yeye akabaki chumbani amenuna. Mara akapiga ukelele. Nikadhani uchungu umemshika, nikakimbia ndani. Nikamkuta amekaa mkekani salama, na mbele yake, juu ya udongo uliosiribwa, palikuwa na pete nyembamba ya mwanga, ukubwa wake kama sarafu. Bibi alikuja nyuma yangu. Aliinama, akatandaza kiganja, na pete ikapanda juu ya kiganja chake. Hakusema neno. Aliutazama mkono wake mpaka pete ilipokatika upande mmoja ikawa hilali.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria neno lenyewe, kupatwa. Mtu hupatwa na homa, hupatwa na msiba, hupatwa na balaa. Hakuna apatwaye na harusi wala na mavuno mema. Hatusemi jua limezibwa au limesitiriwa. Tunasema limepatwa, kama mgonjwa. Waliotuachia lugha hii walitazama juu, wakaona kitu kikubwa kuliko vyote kikiliwa pole pole mchana kweupe, wakachagua neno la msiba. Siwalaumu. Asiyejua kwamba jua litarudi baada ya dakika chache ana haki ya kuogopa.

Na si wao peke yao. Katika China ya kale walisema joka linalimeza jua, wakapiga ngoma ili lilitapike. Wahindu walisimulia habari za Rahu, kichwa kisicho na mwili kinachomeza jua na kulitoa shingoni. Wafalme wa Ashuru walifika mbali zaidi. Kupatwa kukionekana kumtishia mfalme, waliweka mtu mwingine kwenye kiti chake ili balaa limshukie huyo, kisha wakamwua. Masimulizi ninayoyapenda mimi ni ya Wabatammaliba wa Togo na Benin. Kwao jua na mwezi wamegombana, na wanadamu wakiona hivyo huwaomba wapatane, huku wao wenyewe wakimaliza magomvi waliyonayo majirani kwa majirani. Mwaka 585 kabla ya Kristo, kwa mujibu wa Herodoto, mwanahistoria wa Wayunani wa kale, Walidia na Wamedi waliacha kupigana katikati ya vita baada ya mchana kugeuka usiku, wakafanya amani. Kwa hiyo hofu ya mbinguni haikuzaa ukatili peke yake. Mahali pengine ilisuluhisha watu.

Sayansi inalieleza jambo hili kwa maneno machache, ingawa kilicho ndani ya maneno hayo ni kikubwa. Jua lina upana wa kilometa milioni 1.39 hivi, mwezi una kilometa 3,474. Jua ni kubwa kuliko mwezi mara 400 kwa upana, lakini pia liko mbali nasi karibu mara 400 kuliko mwezi ulivyo. Ndiyo maana machoni petu viwili hivi vinalingana, na kimoja kinaweza kukifunika kingine. Mwezi unapopita katikati ya dunia na jua, kivuli chake hudondoka juu yetu. Hilo hutokea siku za mwezi kufa tu, kabla haujaandama. Jirani zetu Waislamu wanakumbuka: mwezi ulioandama baada ya kupatwa kule ndio mwezi wa Hija, na chini ya wiki mbili baadaye tulikuwa tunakula pilau ya Idd.

Mbona basi jua halipatwi kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ikilinganishwa na njia ya dunia kulizunguka jua. Mara nyingi mwezi hupita juu kidogo au chini kidogo, na kivuli chake hupotelea angani bila kugusa shamba la mtu. Na mbona Rujewa tuliona pete badala ya giza? Njia ya mwezi si duara kamili. Siku ile ulikuwa mbali kidogo, ukaonekana mdogo, ukafunika upana wa jua kwa asilimia 97 na kuacha ukingo unaowaka pande zote. Wanasayansi wetu huita hali hiyo kupatwa kipete. Pete ilidumu kama dakika tatu. Mkanda wa kivuli, wenye upana wa kilometa 100 hivi, ulitoka Gabon, ukapita Kongo, ukaingia kwetu, ukatokea Msumbiji na kuelekea Madagaska. Waliobaki Mbeya mjini waliona hilali nyembamba tu. Ndiyo maana mabasi ya kwenda Igawa yalijaa.

Wababeli, kwa kuandika kwenye vigae vya udongo kizazi baada ya kizazi, waligundua kwamba kupatwa hujirudia baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi. Saa zile 8 ndizo zinazotuchanganya, kwa kuwa dunia huwa imezunguka theluthi moja zaidi na kivuli huangukia bara jingine. Ndugu wa pete yetu ya Rujewa alionekana Malaysia na Indonesia Agosti 1998. Mwingine ataonekana Amerika ya Kusini Septemba 2034. Ni ukoo mmoja, una mpangilio kama zamu za kumwagilia mpunga pale Usangu, na yeyote mwenye hesabu anaweza kuufuata.

Hapo ndipo ninapotaka kuzungumza na Wakristo wenzangu.

Wiki mbili kabla ya tukio nilikaa ibadani, kanisa ambalo sitalitaja, nikamsikiliza mhubiri akisema jua litatiwa giza Mbarali kwa sababu ya dhambi za nchi. Alifungua Yoeli: "Jua litageuzwa kuwa giza, na mwezi kuwa damu." Akafungua Luka, akasoma kwamba ilikuwa yapata saa sita kukawa giza juu ya nchi yote. "Saa sita," akarudia, "na sisi wanatuambia ni saa sita!" Watu wakaguna. Mama aliyekaa mbele yangu akamvuta mtoto wake kifuani. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Waingereza, katika tafsiri zao za zamani, husoma kwamba ilikuwa saa ya sita, kisha huhitaji mtu wa kuwafafanulia kuwa hiyo ni adhuhuri. Sisi tunahesabu saa kama walivyohesabu Wayahudi wa zama za Yesu, kwa hiyo mstari ule unatuingia moja kwa moja, kama habari ya jana. Mhubiri alijua hilo, akalitumia.

Lakini alisoma nusu. Injili inasema giza lilikuwa tangu saa sita mpaka saa tisa, au saa kenda kama wazee walivyolizoea. Ni saa tatu nzima. Jua likifunikwa lote kabisa, giza halizidi dakika saba na nusu mahali pamoja popote duniani. Na kuna jambo zito kuliko hilo. Yesu alisulubiwa wakati wa Pasaka, na Pasaka ya Wayahudi huangukia mwezi mpevu. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi uko upande wa pili wa dunia, jua upande huu. Hauwezi kulifunika jua, kama mtu aliyesimama nyuma yako asivyoweza kukuzuia kuona mlango ulio mbele yako. Giza la Kalvari, kwa anayeliamini kama ninavyoliamini mimi, halikuwa kupatwa kwa jua. Ndiyo sababu ni ishara. Lingekuwa ni kupatwa, mnajimu yeyote wa Babeli angekuwa ameshaliandika kwenye kigae chake.

Haya sikuyabuni mimi, wala si elimu ya kisasa iliyokuja kulichokonoa kanisa. Julius Africanus, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, alimpinga mtu aliyelieleza giza lile kuwa ni kupatwa, na hoja yake ilikuwa hii hii ya mwezi mpevu. Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, naye aliitumia. Augustino ana jambo jingine ambalo natamani lisomwe katika kila semina ya wachungaji. Alipokuwa kijana alifuata dini ya Mani, iliyojaa masimulizi marefu kuhusu jua na mwezi. Akayalinganisha na hesabu za wanafalsafa waliotabiri kupatwa miaka mingi kabla, wakataja siku, saa na kiasi, na ikawa hivyo. Hesabu zikasimama, masimulizi yakaanguka, na hiyo ikawa mojawapo ya sababu za yeye kuanza kuitilia shaka dini ile. Baadaye, akiwa askofu, aliwaonya Wakristo kwamba mtu asiyeamini anaweza kujua mambo ya nchi, ya nyota, ya kupatwa kwa jua na mwezi, na ni aibu na hatari kumsikia Mkristo akibwabwaja juu ya mambo hayo huku akisema ndivyo Maandiko yanavyofundisha. Akiona umekosea katika lile analolijua, atakuaminije unapomwambia habari za ufufuo?

Nilimfikiria Augustino siku ile ibadani, kwa sababu safu ya nyuma walikaa vijana wa sekondari. Walikuwa wameshafundishwa darasani mwendo wa mwezi. Wenye simu walikuwa na ramani ya njia ya kivuli mifukoni. Walisikia madhabahu ikisema hukumu, na kalenda ikisema Alhamisi. Alhamisi ikafika, pete ikaja kama ilivyoandikwa, ikaondoka, dhambi za nchi zikabaki palepale. Unadhani Jumapili iliyofuata walimsikilizaje mhubiri?

Biblia yenyewe haina wasiwasi na mpangilio. Mwanzo 1:14 inasema mianga ya mbinguni imewekwa iwe "dalili na majira na siku na miaka." Mwenye kutisha hushika neno "dalili" akaliacha "majira," na majira ni utaratibu, kitu ambacho mkulima wa Igurusi anakitegemea anapoatika mbegu. Zaburi ya 104 inasema jua latambua kuchwa kwake. Naye Yeremia, sura ya 10, anawaambia watu wa Mungu wasishangae ishara za mbinguni kama mataifa wanavyozishangaa. Inawezekana kabisa Waisraeli waliona jua likipatwa. Tarehe 15 Juni 763 kabla ya Kristo lilipatwa, Waashuru wakaandika, na wapo wataalamu wa Biblia wanaoona mwangwi wa tukio hilo kwa Amosi anayesema Bwana atalichwesha jua wakati wa adhuhuri. Hata ikiwa ni hivyo, soma sura yote ya 8. Amosi analalamika juu ya wanaopunguza kipimo, wanaodanganya kwa mizani, wanaowanunua maskini kwa jozi ya viatu. Anayetaka kuhubiri Amosi katika nyanda za juu kusini ana mada tele kwenye lumbesa ya viazi, bila kuhitaji jua lipatwe.

Na hapa niseme kwamba Waislamu wametutangulia. Inasimuliwa katika hadithi zao kwamba mtoto wa Mtume Muhammad, Ibrahim, alipofariki jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume akakataa. Akasema jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake, mkiona hivyo simameni mswali. Baba aliyetoka kumzika mwanawe alikataa mbingu zitumike kuukuza msiba wake. Hadi leo kuna swala maalumu ya kupatwa kwa jua. Sisi Wakristo wa Mbeya na Iringa tuna mikesha ya kila aina, lakini sijawahi kusikia ibada iliyoandaliwa kwa saa ya kupatwa, watu wakatoka nje na miwani yao na kusoma Zaburi ya 19: "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu."

Anayedhani sala na hesabu haviwezi kukaa kichwa kimoja amkumbuke Arthur Eddington. Alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Wakwekeri na mtaalamu wa nyota. Tarehe 29 Mei 1919 alikuwa kisiwani Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, akisubiri jua lipatwe ili apime kama mwanga wa nyota hupinda unapopita karibu na jua, kama Einstein alivyokuwa amesema. Asubuhi ilinyesha, mawingu yakatanda, akapiga picha kwa kuvizia nyufa za mawingu. Nyota zilionekana zimesogea. Kivuli kilekile kiliendelea kuvuka bara mpaka upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Huwa nawaza wazee wetu wa mwaka ule, wametoka tu kwenye vita vya Wajerumani na Waingereza vilivyowamaliza kwa njaa na upagazi, wanatazama jua likizimika alasiri. Wao walikuwa chini ya kivuli kilichobadilisha elimu ya fizikia duniani, na hakuna aliyewaambia.

Wala hatukuanza jana kuishi na vitu vya mbinguni. Pale Mbozi kuna kimondo, pande la chuma lenye urefu wa kama meta 3 na uzito wa tani nyingi, lililodondoka kutoka angani. Watu wa pale walilifahamu kabla wageni hawajalipima na kuliandika mwaka 1930. Tunapeleka watoto wakapige picha mbele yake. Hakuna anayewaambia ni laana.

Narudi kwa bibi. Mtu anaweza kumcheka kwa kumfungia mjukuu wake mwenye mimba. Mimi nimeacha kucheka. Hakuna ushahidi wowote kwamba kupatwa kwa jua kunamdhuru mtoto aliye tumboni, na hilo lisemwe wazi kliniki na kanisani. Lakini desturi ya kubaki ndani ililinda kitu ambacho bibi hakuwa na jina lake. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hauna mishipa ya kuhisi maumivu. Jua linauunguza, nawe unatabasamu. Kijana mmoja wa jirani alitazama pete kupitia filamu ya eksirei, kwa sababu mtu alimwambia inatosha. Jioni akaanza kuona doa katikati ya kila alichokitazama. Akisoma, neno analolilenga ndilo linalopotea, yanabaki ya pembeni. Filamu ya eksirei haizuii miale inayounguza, hata jua lionekane limefifia. Miwani ya jua ya dukani haifai, hata tatu zikibandikwa pamoja. Beseni la maji, ambalo wengi wetu tuliambiwa utotoni ndiyo njia salama, nalo si salama, maana maji yanakurudishia mwanga uleule. Na kupatwa kipete hakuna hata sekunde moja ya kuvua miwani, kwa kuwa ukingo unaobaki unawaka wakati wote.

Kinachofaa ni miwani iliyotengenezwa mahususi kwa kutazamia jua, au kioo cha fundi wa kuchomelea cha namba 14. Asiye navyo alipe jua mgongo. Achukue kipande cha boksi, akitoboe kwa msumari, auache mwanga unaopita uangukie karatasi nyeupe. Au akae chini ya mwembe, maana mianya ya majani hufanya kazi ileile na ardhi yote hujaa vihilali. Ndicho bati la bibi lilichokifanya: tundu dogo, chumba chenye giza, na jua zima likachorwa sakafuni. Mwenye mimba aliyekatazwa kutoka ndiye aliyeliona kwa usalama kuliko sisi wote.

Kwa nini naandika sasa? Tarehe 2 Agosti 2027 jua litafunikwa lote katika mkanda utakaopita Afrika ya Kaskazini, Misri na Saudi Arabia, na pale Luxor giza litazidi dakika sita. Sisi Tanzania tutaona likimegwa tu. Halafu tarehe 21 Mei 2031, siku ya Jumatano, asubuhi, pete itapita tena Tanzania ikitokea upande wa Angola na Zambia. Tarehe zinajulikana. Mhubiri atakayesema ameoteshwa tutakuwa tumemtangulia kwa miaka.

Vijijini kwetu hakuna kipaza sauti chenye nguvu kuliko kile cha kanisani baada ya mahubiri, kwenye matangazo. Huko ndiko tunakosikia chanjo, mbolea ya ruzuku, mnada wa mavuno. Naomba wachungaji, mapadri na wainjilisti wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa waweke na hili. Waseme siku na saa. Waseme mtoto asitazame kwa macho makavu. Waseme mama mjamzito hana la kuhofia. Wawaalike walimu wa sayansi wasimame dakika kumi mbele ya waumini na chungwa na taa, waonyeshe kivuli. Kama kuna mzee anayekumbuka walivyofanya zamani, naye asimame aseme, watoto wasikie vyote kinywani mwa watu wao.

Mpwa wangu aliyekuwa tumboni siku ile alizaliwa mwezi uliofuata, mzima, bila alama yoyote. Mwaka 2031 atakuwa na miaka 14. Nyumba ya bibi imeezekwa upya, mabati ya rangi ya kijani, hayavuji hata tone. Mwezi uliopita tulikuwa tunatengeneza chumba cha stoo upande wa mashariki, mtoto akamuuliza fundi kama anaweza kuacha tundu moja la msumari. Fundi akanitazama mimi. Bibi, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, akajibu kabla yangu kwamba aliache juu ukutani, asiliweke kwenye bati, maana safari hii ni asubuhi na jua litakuwa bado liko chini.